Chui Mwenye Pembe

Watu wengi wakinusa mzoga hukunja pua na kuongeza mwendo. Mimi husimama nikaanza kutafuta. Juzi lori tulilopakia vitunguu lilipata pancha huko chini ya Marich, kwenye barabara ya Lodwar, mahali ambapo joto hutoka juu na chini kwa wakati mmoja, na wenzangu wakaanza kulalamika kwamba kuna mbuzi aliyekufa karibu. Utingo aliniona nikiingia vichakani akapiga kelele, "Mama, huko kuna nyoka!" Nilikuwa nimeshapiga magoti kati ya mawe, napekua chini ya miiba. Ua lilikuwa pale, limefunguka juu ya udongo mkavu, pana kama kisahani cha chai, la manjano, lenye madoa ya rangi ya damu iliyokauka. Nzi walikuwa wanalizunguka kwa heshima. Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Nilikuwa nimerudi Tuwan, mtaa wetu wa Kitale, mtoto wa miaka kumi hivi, miguu mitupu, na mama yangu ananifokea nikae chini.

Kama hamjawahi kukutana na mmea huu, niwaeleze. Hauna majani. Una vishina vifupi vyenye kona na meno, vimejaa maji ndani kama tango, vinatambaa kwenye udongo kama kitu kilichochoka. Bila ua, ungeupita ukidhani ni kamba kuukuu. Sisi tulioufuga Kitale, miaka ya themanini ikielekea mwisho, tuliuita Chui.

Baba ndiye aliyemleta. Alikuwa utingo wa malori yaliyoshuka Lodwar, mtu mwembamba ambaye sikuwahi kumwona akimaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Siku hiyo aliruka kutoka kwenye lori na koti lake la kaki, mifuko yote miwili imefura. Akaingiza mkono mfuko wa kulia, akatoa kipande cha kijani chenye vumbi, akampa mama. Mfuko wa kushoto hakuugusa. Mimi niliona, kwa sababu mimi ni mtu wa kuona mambo ya aina hiyo, na mama aliona pia. Kesho yake baba alipoondoka, mfuko wa kushoto ulikuwa bado umefura, na lori lilielekea Bungoma.

Huko Lugulu, upande wa Bungoma, baba alikuwa na mke mwingine. Kwetu mama huyo hakuwa na jina. Alikuwa "yule wa Lugulu," na mama aliyatamka maneno hayo kama anayetema mbegu ya ndimu.

Mama alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa barazani, na kando ya cherehani yalipangwa makopo ya mafuta ya kupikia yaliyotobolewa chini kwa msumari. Alikuwa ameambukizwa ugonjwa wa mimea na jirani yetu Mama Njeri, ambaye watu wake walitoka upande wa Nyeri wakanunua kijishamba karibu na mji. Mama Njeri alikuwa mnene, mcheshi, na mkali kama nyuki mtu akimwagilia kitu bila ruhusa. Mwenzao wa tatu alikuwa Bwana Ndiwa, fundi wa saa kutoka mlimani, Elgon, aliyeongea polepole na kuangalia kila kitu kupitia kile kioo chake cha kubana jichoni. Jumapili baada ya kanisa walikutana kwenye nyumba ya mmoja wao, kila mmoja na kitu alichofunga kwenye gazeti. Mmoja alikuwa na mmea uliozaa watoto kwenye kingo za majani yake, mwingine alikuwa na wenye vidole vya mtoto mchanga, na mwingine uliofanana na jiwe mpaka kuku aliupita bila kuudonoa. Walikuwa wanabadilishana. Hakuna aliyekuja mikono mitupu, na hakuna aliyeomba moja kwa moja. Ulitakiwa kusifu mmea wa mwenzako, kisha ukae kimya, unywe chai, umngoje achukue wembe mwenyewe.

Kitale ni mahali pa mahindi. Watu wa pale wanaamini kwamba kila chenye mizizi kinataka udongo mweusi, mbolea ya ng'ombe na maji mengi, na majirani wengi waliopewa kipande cha Chui walimpenda kwa njia hiyo mpaka akaoza. Wale watatu walikuwa wamejifunza kumnyima. Walimpanda kwenye mchanga wa mto na matofali yaliyopondwa, wakamweka chini ya upenu asifikiwe na mvua. Kipande kilichokatwa kilipakwa jivu, kikalazwa dirishani siku nyingi, mpaka kidonda kikafunga ngozi. Ndipo kikapandwa, na hata hapo hakikupewa maji.

Kungoja kwa namna hiyo kulinitesa. Nilifukua vipande kutazama kama vimeota mizizi. Shuleni nilikaa ukingoni mwa benchi kama mtu anayesubiri kuitwa. Nilitaka kujua maji ya mfereji yanatoka wapi, saa inajuaje kusonga, malori yakipita Kapenguria yanaona nini. Mama alisema nimezaliwa na miguu ya baba. Hakusema hivyo kunisifu.

Basi Bwana Ndiwa ndiye aliyeniharibu kabisa. Siku moja alisimulia kwamba huko kwenye nchi kame Chui huota pembe. Ua likishaanguka, alisema, hutokea pembe mbili zilizosimama kama za mbuzi, na zikikauka hupasuka, mbegu zikaruka zimefungwa nywele laini kama hariri. Sikulala vizuri kuanzia hapo. Baba alipokuja tena nilimkimbilia barabarani nikamuuliza kama ni kweli.

"Ni kweli," akasema.

"Mbona wa kwetu hana?"

Akacheka. "Wa kwetu akiota pembe, Nasimiyu, nitakupakia kwa lori nikupeleke Lodwar."

Alisema kama mtu mzima anavyomwambia mtoto jambo ili amwachie suruali. Mimi nililichukua kama ahadi. Safari hiyo alikaa siku chache akaondoka, na baada ya hapo hatukumwona. Kwanza mama alisema barabara imeharibika. Baadaye hakusema sababu. Alisema tu, "Yuko kwa yule wa Lugulu," na cherehani ikakimbia kwa kasi mpaka uzi ukakatika.

Mimi nilikuwa na hesabu yangu. Chui akiota pembe, baba atakuja, maana alisema, na mimi nitaona Lodwar. Nikawasumbua wale watatu mpaka nao wakaanza kuzitaka pembe kama mimi.

"Nzi ndio wanaopeleka posa kutoka ua moja kwenda lingine," Bwana Ndiwa alieleza, kioo jichoni. "Nafikiri hapa nzi ni wachache."

"Nzi wachache?" Mama Njeri akashika kiuno. "Hapa Tuwan? Bwana Ndiwa, si unambie Tuwan yako iko wapi na mimi nihamie!"

Hata hivyo walijaribu. Maua yalipofunguka, Mama Njeri alileta kipande cha matumbo kutoka buchani, akakiweka katikati ya makopo ili kuita nzi. Nzi walikuja wengi ajabu. Wote walitua kwenye matumbo. Tulikaa tukiwatazama mchana kutwa, watu wazima watatu na mtoto mmoja, na hakuna aliyefikiri kwamba ua linalojifanya nyama haliwezi kushindana na nyama yenyewe. Mwisho mbwa wa jirani aliruka ukuta akabeba yale matumbo, akaangusha na kopo la Bwana Ndiwa.

Msimu uliofuata wakaamua kuwaleta Chui wote pamoja kwenye baraza letu, wa Mama Njeri, wa Bwana Ndiwa na wa mama, wabanane kopo kwa kopo. Mama Njeri akasema hii sasa ni harusi, akatandika chini ya makopo kitambaa cheupe cha meza. Maua yalifunguka kwa pamoja, wapita njia wakatutukana kwa harufu, nzi wakaja wenyewe bila kualikwa. Nilihesabu kila ua lililonyauka na kuingia na kutoka nyumbani mpaka mama akatishia kunifunga kwa mguu wa meza. Pembe hazikuja.

Siku moja Mama Njeri alikuwa anakusanya kitambaa chake huku akilaumu nzi, na mama, bila kuinua macho kwenye pindo alilokuwa akishona, akasema, "Si mnaozesha kaka na dada?"

"Unasemaje, Mama Nasimiyu?"

"Chui wako ulipewa na nani? Si mimi? Na wa Bwana Ndiwa? Wote wametoka kwa hili kopo. Ni mtu mmoja mmemkata vipande. Kwetu Wabukusu hata watu wa ukoo mmoja hawaoani. Nyinyi mnaozesha mkono na mguu wa mtu yuleyule, halafu mnangoja mtoto."

Bwana Ndiwa alitoa kioo jichoni. Mama Njeri akaketi.

"Kumbe umejua siku zote?"

"Sikuulizwa."

"Basi tufanye nini?"

Mama akakanyaga cherehani kidogo, akaisimamisha. "Wanataka damu ingine. Mume wangu alileta viwili. Usiku nilichungulia koti, havikufanana. Hicho kingine najua kiliko, na kwangu hakitaingia."

Sote tulijua kiliko. Mama Njeri alikunja kitambaa chake taratibu kuliko kilivyohitaji kukunjwa, wakazungumza habari za mvua.

Mvua zenyewe zilipofika zilikuwa za kuudhi, za kuingia mpaka chini ya upenu. Chui wa Bwana Ndiwa akageuka mweusi, akalainika, akaisha. Wa Mama Njeri akamfuata. Wa mama alibaki, lakini shina lake moja lilianza kuwa na rangi ya chai, na mama alilikata kwa wembe huku ameuma midomo. Mimi nilizunguka lile kopo kama kuku anayetaka kutaga. Nilikuwa nimeshaelewa kwamba Chui akifa hakuna pembe, na bila pembe hakuna baba.

Likizo ya Agosti, dada yake Mama Njeri alilazwa katika hospitali ya misheni Lugulu, naye akawa anaenda kumwona. Alipita kwetu asubuhi akasema anahitaji mtoto wa kumsaidia kubeba kikapu. Alisema akiwa ameangalia makopo. Mama alikata uzi, akafunika cherehani. Kisha akaingia ndani akatoka na gauni langu la Krismasi, lile la bluu lenye kola, akanivisha, akanichana nywele mpaka machozi yakanitoka, akanipaka mafuta miguuni. Nilishangaa kupambwa hivyo kwa sababu ya kubeba ndizi. Alipogeuka, nilikata ncha ya Chui wetu nikaifunga kwenye gazeti, maana hata mimi nilijua huendi kwa mtu wa makopo mikono mitupu.

Hospitalini watoto hawakuruhusiwa wodini. "Kaa hapa kwa benchi," Mama Njeri akaniambia, kisha akaongeza, kama anayejisemea, "Lakini nikichelewa, kaa ukijua nyumba ya baba yako, Wekesa wa lori, inajulikana na kila mtu." Nikaondoka kabla mlango haujafunga nyuma yake.

Niliuliza mwanamke aliyebeba kuni, nikauliza mvulana mwenye baiskeli, nikafika. Palikuwa na ua uliofagiwa, nyumba ya mabati, na mwanamke aliyeketi kwenye mkeka akipukuchua mahindi. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria, amechoka zaidi pia. Msichana wa kama umri wangu alikuwa anarusha mabunzi kwenye kikapu.

"Hodi."

"Karibu. Unatafuta..." Akainua macho, na mikono yake ikasimama. "Wewe umetoka Kitale."

"Ndiyo, mama mdogo."

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Hakuna aliyenifundisha. Yule msichana akanikaribia mpaka nikahisi pumzi yake.

"Mama, ona! Huyu ana pua yangu!"

"Ni ya baba yenu, Nafula. Hakuna aliyemwibia mwingine." Kisha akaniambia, "Mama yako amekutuma?"

"Hapana. Nimejituma. Nimekuja kwa sababu ya Chui."

"Chui?"

Nilimwonyesha kwa kidole. Alikuwa amepandwa kando ya nyumba juu ya chungu ya mawe, na juu yake vijiti vinne vilishikilia kipande cha gunia kuzuia mvua. Hakuwa na mtu wa kumfundisha, yule mama. Alikuwa amegundua peke yake. Na Chui wake hakuwa kama wetu. Vishina vilikuwa vyembamba, na ua lililokuwa likinyauka lilikuwa na madoa makubwa, karibu lote ni wekundu mweusi.

Akacheka kidogo. "Sisi tunamwita Mgeni."

Nikafungua gazeti langu nikampa kipande cha Kitale. Alikishika kwenye kiganja kwa muda mrefu. Nikasifu Mgeni wake, nikanyamaza, kama nilivyoona wakubwa wakifanya. Yeye hakujua desturi ya watu wa makopo, lakini alielewa.

Akauliza, "Baba yenu hajambo huko Kitale?"

"Si yuko huku?"

"Huku?" Nafula akadakia. "Ati huku? Bana, hata nilipougua surua hakuja!"

"Nafula," mama yake akasema, "lete wembe."

Alikata shina zuri kuliko yote, lenye macho ya maua. Hakukata ncha tu. Alilifunga kwenye maganda ya mahindi, akasimama akinitengeneza kola ambayo haikuwa imepinda. "Msalimie mama yako," akasema. "Mwambie..." Akafikiri. "Basi, msalimie."

Nilifika Tuwan jioni nimejaa kama kifurushi, nikitaka kueleza kila kitu kwa pumzi moja, chungu ya mawe, gunia, madoa, pua. Mama aliendelea kushona. Aliacha maganda yale ya mahindi mezani bila kuyagusa.

"Amesema nini?"

"Amesema anakusalimia. Na ameuliza kama baba hajambo."

Cherehani ikasimama.

"Ameuliza nini?"

"Kama baba hajambo hapa kwetu. Nikamwambia si yuko huko kwake."

"Na hayuko?"

"Hayuko. Hajakuja tangu zamani. Nafula aliugua surua, hakuja."

Mama alikaa mkono juu ya gurudumu la cherehani. Halafu akachukua ufagio akafagia baraza, ambalo lilikuwa limefagiwa, akashuka akafagia ua, akaendelea mpaka barabarani, na kufagia mbele ya nyumba ya Mama Njeri pia. Mimi nilimfuata nyuma nikiuliza kama tunaweza kupanda kipande. Nilidhani amekasirika nimeenda. Aliporudi ndani alifungua maganda, akapaka kidonda jivu, akalaza shina lile dirishani, upande wa cherehani, mahali ambapo angeliona kila akiinua kichwa.

Lilishika. Lilikaa mwaka mzima likinidharau, kisha likatoa ua karibu na ua la Chui wetu aliyepona, na nzi wa Tuwan wakafanya kazi yao. Hapo nilikuwa nimeanza kutoroka shule. Miezi ikapita bila kitu, nikaacha kutazama, na ni siku ambayo nilikuwa nimeacha kutazama Bwana Ndiwa alipoita kwa sauti ambayo hatukujua anayo. Pembe mbili, za kijani zenye michirizi ya zambarau, zimesimama kama za mbuzi mdogo. Mama Njeri alipiga vigelegele. Mimi nilikwenda nikasimama barabarani.

Nilisimama siku hiyo, na nyingine, nikitazama malori ya Lodwar yakipita. Pembe zilikauka zikapasuka, hariri ikaruka barabarani, watoto wa Tuwan wakaifukuza wakipiga kelele, nami nilikuwa nimeangalia upande mwingine. Mama alikuja akanishika bega. Hakuniambia niingie ndani. Alisimama nami kwa muda, kisha akasema, "Njoo unisaidie. Nusu ya mbegu ni za Lugulu."

Nilikuwa mtu mzima, nimeshalala katika miji mingi, nilipoelewa ni kitu gani hasa nilichokibeba siku ile. Kwa muda ule wote mama alikuwa anamchukia mwanamke kwa sababu ana mume wake, na mwanamke huyo, vilima na mito kadhaa mbali, alikuwa anamchukia mama kwa sababu hiyohiyo. Kila mmoja alimwona baba akilini mwake akicheka kwenye meza ya mwenzake. Nilikuwa nimempelekea kila mmoja habari kwamba hiyo meza haipo. Ni habari mbaya, lakini baada yake walikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Walianza kwa mimea. Kisha mama akawa anashona magauni mawili kwa kipimo changu, moja, la Nafula, akilipunguza kiunoni, nalo likaenda Lugulu na Mama Njeri. Baba hakurudi kwa yeyote. Mmoja alisema alimwona Lokichoggio, mwingine Juba. Nimepita kote huko. Sikumtafuta sana, ila kila utingo mwembamba nilimtazama mara ya pili.

Miguu yake ninayo, mama alisema kweli. Sijakaa mahali nikamaliza chai. Lakini nikishuka kwenye lori, kabla sijauliza pa kulala, nawapigia simu wote wawili, mama Tuwan na mama mdogo Lugulu, nikawaambia niko wapi. Wananicheka, wanasema nina hofu kama mzee. Wacheke tu. Sitaki siku moja mmoja wao akae akiamini kwamba niko kwa mwingine.